Virusi na saratani ya koo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mgonjwa, ya ndugu anayemuuguza, na ya yeyote aliyesikia kwamba saratani ya koo inaweza kuletwa na virusi akabaki na wasiwasi. Yapo mambo ya faragha humu ndani. Tumeyaandika waziwazi kwa makusudi, kwa sababu aibu inawachelewesha watu wengi kufika hospitali, na ugonjwa huu haumsubiri mtu.

Ni kweli kwamba virusi vinaweza kusababisha saratani ya koo?

Ni kweli, na si dhana tena. Virusi viwili vinahusika: HPV, ambavyo ndivyo vilevile vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na EBV, ambavyo karibu kila binadamu huambukizwa wakati fulani maishani.

Habari ya HPV ilianzia kwenye mlango wa kizazi. Mwaka 1983 mtafiti Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waligundua HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani hiyo, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka huohuo wa 1983 watafiti wa Finland, Kari na Stina Syrjänen, walitoa hoja kwamba virusi hivi huenda vinahusika na saratani za kinywani pia. Wengi hawakuisikiliza hoja hiyo, kwani ilishazoeleka kwamba saratani ya koo ni ya wavutaji na wanywaji. Mwaka 2000 Maura Gillison na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba HPV haikuwa imepita tu njia kwenye vivimbe vya tonsili (mafindofindo). Vinasaba vyake vilikuwa ndani ya seli za saratani zenyewe. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha uamuzi kwamba ushahidi wa HPV 16 kusababisha saratani ya sehemu ya koo yenye tonsili unatosha.

Mkisema "koo", mnamaanisha wapi hasa?

Swali hili ni la maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu kila sehemu ya koo ina chanzo chake kikuu cha saratani.

Sehemu ya juu kabisa, nyuma ya pua, ndiko EBV inakohusika. Sehemu ya kati, ile inayoonekana nusu yake mtu akipanua mdomo, ina tonsili, shina la ulimi, kaakaa laini na ukuta wa nyuma wa koo. Hapo ndipo penye HPV. Chini yake kuna zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na njia inayoelekea kwenye umio. Huko tumbaku na pombe ndiyo visababishi vikuu, na mchango wa HPV ni mdogo.

Kwa hiyo mtu akiambiwa ana saratani ya koo, swali la kwanza la kumuuliza daktari ni: sehemu gani?

Kwa nini HPV inapenda tonsili na shina la ulimi?

Tonsili kwa nje inaonekana kama tezi laini yenye vitundu vichache. Kumbe kila kitundu ni mdomo wa mfereji unaozama ndani na kugawanyika matawi, hivi kwamba eneo la ndani ya mifereji hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko lile la juu linaloonekana. Shina la ulimi nalo lina mifereji ya aina hiyo. Ngozi inayoifunika mifereji hii ni nyembamba na ina mapengo, kwa kuwa kazi ya tonsili ni kukutana na vijidudu na kuvitambulisha kwa askari wa mwili. Mapengo hayo yanavipa virusi njia ya kufika moja kwa moja kwenye seli za chini, zile changa zinazogawanyika, ambako HPV huweka makazi.

Hii pia ndiyo sababu saratani hii huanza kwa kificho. Inaanzia ndani ya mfereji. Mtu anaweza kujiangalia kwenye kioo kila siku asione chochote.

Virusi vinaigeuzaje seli kuwa saratani?

HPV haina hamu ya kuleta saratani. Inachotaka ni kuzaliana, na ili izaliane inahitaji seli iendelee kugawanyika. Seli ya kawaida ina walinzi wawili wakubwa wa kuizuia isigawanyike ovyo, nao ni protini ziitwazo p53 na Rb. Virusi hutengeneza protini mbili za kuwakabili: E6 huisababisha p53 ivunjwevunjwe, na E7 huifunga Rb isifanye kazi. Seli iliyopoteza walinzi wote wawili hugawanyika hata ikiwa na hitilafu kwenye vinasaba vyake, hitilafu zinarundikana, na baada ya miaka mingi moja ya seli hizo inakuwa saratani.

Rb inapozimwa, seli hujaribu kujinusuru kwa kumwaga protini nyingine iitwayo p16. Haifui dafu, lakini p16 hiyo inayojaa ndani ya seli inawasaidia madaktari sana, kama tutakavyoona chini.

Nikiwa na HPV mdomoni, ndiyo kusema nitapata saratani?

La. Walio wengi hawataipata kamwe. Zipo aina zaidi ya 200 za HPV, na nyingi hazina uhusiano na saratani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima watu wa umri wa miaka 14 hadi 69 ukakuta takriban asilimia 7 wana HPV ya aina mojawapo mdomoni, lakini wenye aina ya 16 walikuwa karibu asilimia 1 tu. Na hata hiyo aina ya 16, mara nyingi kinga ya mwili huifuta yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila mtu kujua kwamba iliwahi kuwapo.

Hatari iko kwa wale wachache ambao virusi vinang'ang'ania mwilini mwao. Kwao, kutoka maambukizi hadi saratani hupita miaka mingi, mara nyingi 10 hadi 30.

HPV inafikaje kooni?

Njia kuu ni ngono ya mdomo. Kubusiana kwa kugusanisha ndimi kumetajwa pia katika tafiti kadhaa, ila ushahidi wake ni hafifu kuliko wa ngono ya mdomo. Kadiri mtu alivyokuwa na wenza wengi zaidi wa ngono ya mdomo maishani, ndivyo uwezekano wa kukutana na virusi unavyoongezeka. Lakini mtu mwenye mwenza mmoja tu naye anaweza kuambukizwa.

Kula sahani moja, kunywea kikombe kimoja, kukumbatiana, kupakata watoto na kumpa mtoto busu la shavuni hakuambukizi. Babu mwenye saratani ya koo ya HPV asitengewe vyombo wala asinyimwe wajukuu. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kutengwa huko hutokea, na humuumiza mgonjwa bila kumkinga mtu yeyote.

Mume wangu ameambiwa saratani yake imetokana na HPV. Ina maana alitoka nje ya ndoa?

Jibu hilo halimo kwenye kipimo, dada, na hakuna daktari anayeweza kulitoa humo.

Angalia miaka. Mwanamume wa miaka 58 anayegunduliwa leo huenda alipata maambukizi akiwa na miaka 25, kabla hamjafahamiana. Virusi vinaweza kukaa kimya muda wote huo. Hakuna kipimo kinachosema viliingia lini wala vilitoka kwa nani. Anaweza kuwa alivipata kwa mtu wa ujanani, na huenda wewe mwenyewe ulikuwa navyo bila kujua ukavimaliza kwa kinga yako. Watu wengi waliowahi kufanya ngono hukutana na HPV angalau mara moja maishani, wakiwamo wenye ndoa za uaminifu mtupu.

Tunajua jinsi taarifa hii inavyoingia nyumbani. Mgonjwa yuko katikati ya matibabu mazito, anahitaji mtu wa kumsaidia kumeza uji na kumpeleka kwenye mionzi kila siku, na wakati huohuo nyumba imewaka moto kwa tuhuma ambazo hazina njia ya kuthibitishwa. Wapo wanaoficha majibu kwa kuogopa hilo, na wapo wanaoacha kurudi kliniki. Tafadhali, ombeni kuzungumza na daktari mkiwa wawili, mumsikie wote kwa pamoja. Maelezo ya dakika kumi yaliyotolewa vizuri yameokoa ndoa nyingi kuliko ugomvi wa miezi.

Je, mimi kama mwenza wake niko hatarini?

Hatari yako haijapanda kama unavyohofu. Utafiti uliowapima wenza wa wagonjwa hawa huko Marekani ulikuta kwamba HPV mdomoni mwao haikuwa ya kawaida zaidi kuliko kwa watu wengine wa umri wao. Hakuna sababu ya kuacha kubusiana wala kulala vitanda tofauti. Chochote ambacho angekuambukiza, mmeshaishi nacho kwa miaka.

Mwenza wa kike aendelee kupimwa mlango wa kizazi kwa ratiba ile ile ya wanawake wote. Kama amekuwa akiahirisha, huu ndio wakati wa kwenda.

Kwa nini wanaume wanapata zaidi kuliko wanawake?

Katika utafiti ule wa mwaka 2012, wanaume waliokutwa na HPV mdomoni walikuwa asilimia 10.1 na wanawake asilimia 3.6. Inadhaniwa kwamba mwanamke akiambukizwa sehemu za siri mwili wake hutengeneza kinga nzuri zaidi, ambayo humsaidia hata mdomoni, ilhali kinga ya mwanamume huwa dhaifu. Tena virusi hupatikana kwa wingi zaidi sehemu za siri za mwanamke kuliko za mwanamume, kwa hiyo anayefanya ngono ya mdomo kwa mwanamke hukutana navyo zaidi. Huko Marekani saratani za koo zinazotokana na HPV sasa zimezidi kwa idadi saratani za mlango wa kizazi, na wagonjwa wengi ni wanaume.

Mimi navuta sigara na kunywa. Kumbe si sigara inayoleta saratani ya koo?

Ni sigara pia, tena sana. Duniani kote, saratani nyingi za kichwa na shingo bado zinatokana na tumbaku na pombe, na viwili hivyo vikikutana hatari huongezeka kuliko ukijumlisha kimoja kimoja. Tumbaku ya kutafuna nayo imo. Habari za virusi zisimpe mvutaji faraja ya uongo.

Na aliye na saratani ya HPV akiwa mvutaji, matokeo yake ya matibabu huwa mabaya kuliko ya asiyevuta. Aliyevuta kwa kiwango kinachozidi pakiti moja kwa siku kwa miaka 10 huweza kuhamishwa kutoka kundi lenye matumaini makubwa hadi kundi la kati. Kuacha sigara hata siku ya kupewa majibu kuna faida, kwa sababu mionzi hufanya kazi vizuri zaidi kwa asiyevuta.

EBV ni nini, na inahusika vipi?

EBV iligunduliwa mwaka 1964 na Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, katika sampuli za uvimbe wa taya za watoto zilizotumwa London kutoka Uganda, ambako daktari Denis Burkitt alikuwa ameueleza ugonjwa huo. Huenea kwa mate. Wengi huipata utotoni bila dalili yoyote, na ikishaingia hubaki mwilini maisha yote, imelala.

Kwa sehemu ndogo sana ya watu EBV huchangia saratani ya nyuma ya pua. Haifanyi kazi peke yake: kuna urithi wa kifamilia, na kuna vyakula kama samaki wa chumvi anayeliwa tangu utotoni. Kusini mwa China na Asia ya kusini-mashariki ndiko ugonjwa huu ulikokithiri, na unaonekana pia Afrika ya kaskazini na sehemu za Afrika mashariki. Dalili zake zinatofautiana na za tonsili: pua kuziba upande mmoja, kutokwa damu puani, sikio moja kuziba na kupungua usikivu, kuona vitu viwiliviwili, na uvimbe wa shingo. Mtu mzima ambaye sikio lake moja limejaa maji bila sababu inayoeleweka achunguzwe nyuma ya pua.

Dalili za saratani ya koo ya HPV ni zipi?

Dalili ya kwanza kwa wengi si maumivu ya koo. Ni uvimbe shingoni, chini ya pembe ya taya, usiouma. Mwanamume anaukuta asubuhi anaponyoa ndevu. Unateleza kidogo chini ya kidole, hauna joto, hauna wekundu, na yeye hajisikii mgonjwa hata kidogo. Kwa kuwa hauumi, anauacha.

Hapa ndipo muda unapopotea, na tunaomba pasomwe kwa makini. Mtoki unaotokana na mafua au jino bovu huuma, hukua haraka na hunywea ndani ya wiki mbili hivi. Uvimbe wa shingo kwa mtu mzima unaodumu zaidi ya wiki mbili au tatu uchukuliwe kuwa ni wa kuchunguzwa hadi ijulikane ni nini. Kupewa antibaiotiki mara moja kunaweza kueleweka kama kuna dalili za maambukizi. Kupewa mara ya pili na ya tatu huku uvimbe uko palepale ni kupoteza wakati. Yapo na haya: mitoki ya saratani hii mara nyingi huwa na maji ndani, hivyo kwa mtu wa zaidi ya miaka 40 ikaitwa kirahisi "kifuko cha maji cha kuzaliwa nacho". Kwa umri huo, usikubali jibu hilo kabla tonsili na shina la ulimi havijachunguzwa.

Dalili nyingine ni koo kuuma upande mmoja bila kupona, kuhisi kitu kimekwama, kumeza kwa shida, maumivu ya sikio moja ilhali sikio lenyewe ni zima, tonsili moja kuwa kubwa kuliko nyenzake, mate yenye damu, na kupungua uzito. Sauti kukwaruza kwa wiki tatu au zaidi huelekeza zaidi kwenye zoloto, nayo haifai kupuuzwa.

Sivuti, sinywi, nina miaka 45 na niko fiti. Kweli nihangaike na kauvimbe kadogo?

Ndiyo. Mtu wa aina yako ndiye hasa anayechelewa, kwa kuwa yeye mwenyewe, familia yake, na wakati mwingine hata anayemtibu, hawamtarajii.

Kuna kipimo cha kugundua mapema, kama kile cha mlango wa kizazi?

Kwa saratani ya tonsili na shina la ulimi hakuna kipimo kilichoidhinishwa kwa watu wasio na dalili. Mlango wa kizazi unaweza kukwanguliwa seli ambazo zimeanza kubadilika kabla hazijawa saratani. Ndani ya mifereji ya tonsili hatua hiyo haionekani. Vipimo vya mate vinavyouzwa kutafuta HPV vitakuambia tu kama virusi vipo siku hiyo. Havisemi kama una saratani wala kama utaipata, na hakuna dawa ya kufuta virusi hivyo. Ukipata jibu la "vipo" utabaki na hofu na huna la kufanya.

Kwa EBV mambo ni tofauti kidogo. Huko Hong Kong wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili walipimwa damu kutafuta vinasaba vya EBV, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba saratani nyingi za nyuma ya pua zilizogunduliwa kwa njia hiyo zilikuwa bado changa. Upimaji huo unafaa mahali ambako ugonjwa umekithiri.

Nikifika kwa daktari wa masikio, pua na koo, atafanya nini?

Atakupapasa shingo pande zote mbili. Atakuangalia kinywa kwa taa, kisha, na hapa usishtuke, ataingiza kidole chenye glavu hadi nyuma aminye shina la ulimi na tonsili. Utataka kutapika kwa sekunde chache. Avumiliwe, kwa sababu uvimbe mgumu uliojificha huhisiwa kwa kidole kabla haujaonekana kwa jicho. Halafu atapitisha kamera nyembamba puani ili aone nyuma ya pua, shina la ulimi na zoloto.

Uvimbe wa shingo huchukuliwa seli kwa sindano nyembamba. Watu huogopa kwamba sindano "itauchokoza" uvimbe usambae. Hofu hiyo haina msingi kwa kipimo hiki. Jambo la kuepuka ni kukimbilia kuukata na kuutoa uvimbe mzima wa shingo kabla ya kutafuta chanzo chake kooni, maana huweza kuvuruga matibabu yanayofuata. Baada ya hapo huchukuliwa kinyama kutoka kooni kwenyewe, na picha za CT, MRI au PET huonyesha ugonjwa umefika wapi.

Kwenye majibu yangu imeandikwa "p16 chanya". Ni HPV hiyo?

Kwa uvimbe wa tonsili au shina la ulimi, karibu kila mara ndiyo. p16 ni ile protini inayojaa ndani ya seli Rb inapozimwa, na maabara huipaka rangi ikaonekana chini ya hadubini. Ni kipimo cha bei nafuu na cha kuaminika. Hata hivyo wapo wagonjwa wachache wenye p16 chanya bila HPV, na ndiyo maana baadhi ya maabara hutafuta pia vinasaba vya virusi moja kwa moja. Kwa saratani za sehemu nyingine, kama ulimi wa mbele au zoloto, p16 haina maana hiyo.

Kama kinyama chako kilitoka kwenye tonsili au shina la ulimi na p16 haijatajwa kabisa, uliza. Una haki ya kujua.

Nasikia saratani ya koo ya HPV inapona vizuri kuliko nyingine. Ni kweli?

Ni kweli, na ni habari ya kumpa mgonjwa nguvu. Katika utafiti wa mwaka 2010 wa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umeshasogea mbele, waliokuwa hai baada ya miaka 3 walikuwa asilimia 82.4 miongoni mwa wenye HPV na asilimia 57.1 miongoni mwa wasio nayo. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba mwongozo mpya wa kupanga hatua za saratani ulioanza kutumika mwaka 2018 umezitenga kama magonjwa mawili. Mgonjwa mwenye mitoki kadhaa ya upande mmoja wa shingo, ambaye zamani angeambiwa yuko hatua ya nne, leo anaweza kuwekwa hatua ya kwanza.

Lakini "vizuri zaidi" si "bila shaka". Wapo wanaofariki, na wapo ambao ugonjwa hurudi.

Basi kwa nini nisipewe matibabu mepesi?

Madaktari wamelijaribu hilo kwa nia njema. Tafiti mbili kubwa zilizotoa matokeo kati ya mwaka 2018 na 2019 ziliwapa wagonjwa wa HPV dawa ya setuksimabu badala ya sisplatini (dawa ya kawaida ya saratani) pamoja na mionzi, zikitarajia madhara kupungua. Madhara hayakupungua kwa jumla, na waliofariki wakawa wengi zaidi upande wa setuksimabu. Tafiti za kupunguza kiwango cha mionzi zinaendelea. Nje ya tafiti zinazosimamiwa, matibabu kamili ndiyo salama.

Matibabu yenyewe yakoje?

Ugonjwa mdogo hutibiwa kwa upasuaji kupitia mdomoni au kwa mionzi peke yake. Uliosogea hutibiwa kwa mionzi pamoja na sisplatini. Kiwango cha kawaida ni grei 70 (grei ni kipimo cha mionzi) zilizogawanywa mara 35, siku tano kwa wiki, kwa wiki saba. Mgonjwa hutengenezewa kinyago cha plastiki chenye matundu kinachoshika uso na mabega juu ya meza ili asisogee hata kidogo. Wanaoogopa kubanwa waseme mapema, husaidiwa.

Wiki mbili za kwanza wengi husema "mbona si kitu". Kuanzia wiki ya tatu koo huchubuka, mate hugeuka mazito kisha hukauka, ladha hupotea, na kumeza kunauma. Wengine huhitaji mrija wa chakula kwa muda. Hali huwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya kumaliza, na hapo ndugu hukata tamaa wakidhani matibabu yameshindwa. Hayajashindwa.

Mambo mawili yasisahaulike. Kabla ya mionzi, muone daktari wa meno aondoe yaliyooza, kwani kung'oa jino baadaye kwenye taya lililopigwa mionzi kunaweza kusababisha mfupa kufa. Na endelea kumeza kitu kila siku, hata maji kwa kijiko, pamoja na mazoezi ya kufungua taya. Koo lisilotumika husahau kazi yake.

Chanjo ya HPV inakinga na saratani ya koo?

Kuna kila sababu ya kuamini hivyo. Huko Costa Rica, wanawake vijana waliochanjwa walipimwa mdomoni miaka 4 hivi baadaye, na maambukizi ya HPV 16 na 18 yalikuwa pungufu kwa asilimia 93 kuliko kwa wasiochanjwa. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha chanjo inayokinga aina tisa za HPV itumike pia kukinga saratani za koo na nyinginezo za kichwa na shingo. Kwa kuwa saratani huchukua miongo kujitokeza, kupungua kwa wagonjwa wenyewe kutaonekana wazi waliochanjwa wakifikia umri wa kuugua.

Chanjo haina virusi. Ina ganda tupu la protini lisilo na vinasaba ndani, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu. Hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajaanza mahusiano, ndiyo maana hutolewa kuanzia miaka 9. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja kwa walio kati ya miaka 9 na 20, ila wenye kinga dhaifu, wakiwamo wanaoishi na VVU, wanahitaji zaidi ya moja.

Kuhusu wavulana: Australia ilianza kuwachanja mwaka 2013, Uingereza mwaka 2019. Nchi nyingi bado zinachanja wasichana pekee, na kwa mlango wa kizazi mpango huo una mantiki yake pale dozi zinapokuwa chache. Lakini anayebeba mzigo wa saratani ya koo ni mwanamume. Mzazi mwenye uwezo wa kumchanja mwanawe wa kiume asisite.

Nimeshaugua. Chanjo itanitibu?

Hapana. Hukinga maambukizi mapya. Haifuti yaliyopo wala haitibu uvimbe.

Kusukutua kwa dawa za kinywa, chumvi au mitishamba kunaondoa HPV?

Hapana. Virusi viko ndani ya seli za chini ya ngozi ya tonsili, na maji ya kusukutua hayafiki huko. Usafi wa kinywa una faida zake nyingi, hiyo si mojawapo.

Nikishamaliza matibabu nitafuatiliwa kwa muda gani?

Kwa kawaida miaka 5. Picha ya PET hupigwa takriban wiki 12 baada ya mionzi; ikipigwa mapema mno, uvimbe wa uponyaji hufanana na ugonjwa. Kisha ziara za kliniki huwa za karibukaribu miaka miwili ya kwanza, kwa sababu ugonjwa ukirudi hurudi zaidi kipindi hicho, na baadaye huachana. Saratani ya HPV wakati mwingine hurudi kwa kuchelewa na mbali na koo, hasa mapafuni, kwa hiyo kikohozi kisichoisha mwaka wa nne kitajwe kliniki.

Omba damu ipimwe homoni za tezi dundumio (iliyo mbele ya shingo) kila miezi 6 hadi 12, kwani mionzi ya shingo huifanya tezi hiyo ichoke taratibu, na uchovu, baridi na huzuni zinazofuata mara nyingi hudhaniwa kuwa ni mawazo tu. Kidonge kimoja kwa siku huirekebisha.